Kitabu ulichokisomea mtihani na kitabu kilicho mkononi mwako leo

Msomaji wa Tanga anauliza:

Ndugu wasomaji, ninaomba tuzungumze juu ya vitabu tulivyo navyo mkononi kwa sasa, vile tunavyovisoma kwa raha na si kwa kulazimishwa. Nitaanza mwenyewe, ili mwenzangu asidhani ninamtuma mahali ambako mimi sijafika.

Yapata majuma mawili sasa ninasoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 1999. Wengi mliosoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita hapa Tanzania mnaijua, maana mliifanyia mtihani kama mimi. Nakala ninayoisoma ndiyo ileile niliyokuwa nayo shuleni. Jalada lake limebanduka, nimelishikiza kwa gundi, na pembezoni mwa kurasa umejaa mwandiko wangu wa penseli. Pale Yasmin anapoozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake, nimeandika: "ndoa ya kulazimishwa, hoja ya 1." Pale Mwajuma anapompokea Yasmin nyumbani kwake Ng'ambo, mjini Unguja, nimeandika: "utu na ushirikiano, hoja ya 3." Kila anapotokea Denge nimepiga mstari na kuandika "ukombozi." Nimekipekua kitabu kizima na sikuona mahali hata pamoja nilipoandika kwamba nilicheka, au niliogopa, au nilimwonea mtu huruma. Nakumbuka pia kwamba wakati ule sikukisoma chote. Nilisoma nusu, na nusu iliyobaki niliipata katika madesa ya uchambuzi yaliyokuwa yakiuzwa karibu na geti la shule.

Leo ninaisoma polepole, kurasa kumi au kumi na mbili kila usiku baada ya watoto kulala, na ninaona kana kwamba mtu amenibadilishia kitabu. Yasmin si mfano tena wa tatizo la kijamii. Ni msichana aliyekaa peke yake ndani ya nyumba ya mume asiyempenda, akisikiliza maisha ya mji yakipita nje ya dirisha, na upweke ule mwandishi hautaji kwa jina, bali anauacha ukae chumbani mpaka na wewe uusikie. Denge naye, ambaye katika daftari langu alikuwa "mwanamapinduzi" na basi, nimemkuta ni kijana anayenyemelewa na polisi wa kikoloni, anayependa na kupendwa, na ambaye kila siku inamlazimu achague kati ya yule anayempenda na kazi aliyojitwika. Ipo filamu iliyotengenezwa kutokana na riwaya hii, ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, lakini nimejizuia kuitazama mpaka nimalize kusoma, kwa sababu sitaki sura za waigizaji zichukue nafasi ya sura nilizojichorea mwenyewe.

Basi swali langu ni hili: unasoma kitabu gani sasa, na ni kitu gani kinakufanya usitake kukifunga? Ikiwa ni kitabu ulichowahi kukisomea mtihani, ningependa kujua kimebadilika nini ulipokirudia. Ninaomba msiniorodheshee dhamira wala sifa za wahusika. Nielezeni mahali pamoja tu mnapopapenda, na mwisho wa hadithi msiutoe.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro:

Binti yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na kabla sijataja kitabu changu ninaomba ruhusa ya kukupinga kidogo. Nimefundisha fasihi kwa miaka 32, na sikubali kwamba dhamira ni adui wa raha. Msomaji anayeona jinsi mwandishi alivyoficha fikra yake ndani ya kisa hupata raha mbili badala ya moja. Kosa letu lilikuwa la utaratibu: tuliwapa vijana hoja kabla hawajapewa hadithi. Mtoto ambaye hajamwonea Yasmin huruma hana haja ya kuambiwa kwamba ndoa ya kulazimishwa ni jambo baya, kwa sababu atalikubali bila kulihisi, na jibu lake kwenye karatasi ya mtihani litakuwa sahihi na kavu.

Mimi nilikuwa na darasa la wanafunzi zaidi ya 70 na nakala tisa za kitabu. Uhaba huo ndio ulionifundisha kazi. Vipindi vitatu vya kwanza vya kila riwaya nilikuwa ninaamuru madaftari yafungwe na kalamu ziwekwe chini, kisha ninasoma kwa sauti, na yeyote aliyekuwa na nakala alifuatisha pamoja na majirani zake saba. Sauti ikinichoka ninampa mwanafunzi mwenye sauti nzuri. Wakaguzi hawakuupenda sana mtindo huo, kwa kuwa ubaoni hapakuwa na kitu cha kukagua. Lakini ilifika kipindi cha nne, nilipouliza swali, kila mkono uliokuwa juu ulikuwa na ugomvi wake na mhusika fulani.

Kitabu nilicho nacho sasa ni *Wasifu wa Siti Binti Saad* cha Shaaban Robert, ambacho maandishi yake yalitoka mara ya kwanza mwaka 1958. Nilikisoma nikiwa kijana, nikakifundisha kidogo, na sasa ninakisoma mara ya nne kwa ajili yangu tu. Fikirieni aliyechaguliwa kuandikwa. Ni mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika umaskini, akapewa jina la Mtumwa, akalelewa katika kazi ya ufinyanzi na kuuza vyungu. Akahamia mjini akiwa hana mali wala nasaba ya kumtanguliza, na sauti yake ikamfikisha mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wakati ambapo nyimbo za Kiswahili zilikuwa hazijazoeleka kusikika katika sahani za gramafoni. Shaaban Robert alikutana naye mwishoni mwa uhai wake, kwani Siti alifariki mwaka 1950, na mtu unahisi katika kurasa zile heshima ya mwandishi aliyekaa mbele ya mzee na kumsikiliza mpaka mwisho.

Umesema tutaje mahali pamoja. Changu ni pale washindani wake wanapomtungia wimbo wa kumdhalilisha, kwamba alikuja mjini amevaa kaniki na kwamba lau si sauti asingekuwa na riziki. Siti hakukasirika hadharani. Alijibu kwa wimbo, akawaonyesha kwamba uzuri wa sura na ukuu wa ukoo havimfikishi mtu mbali pasipo akili. Shaaban Robert anakisimulia kisa hiki bila kupandisha sauti, sentensi zake zikitembea kwa utulivu wa mtu aliyejitwika mtungi wa maji: haumwagiki, wala yeye haonekani kuuogopa. Shuleni tuliwaambia vijana kwamba hiyo ni "lugha ya kishairi," tukapita. Sasa kwa kuwa hakuna kengele ya kunikatiza, ninaisoma sentensi moja mara tatu, ninanyamaza, kisha ninaendelea.

Ombi moja: usiifute penseli yako. Huo nao ni ushahidi wa msomaji uliyekuwa.

Msomaji wa Eldoret:

Mwalimu, shikamoo. Nimesikitika kwamba hukufundisha shule yetu.

Nimeona jina la Tanga juu ya swali hili nikajua lazima nijibu, maana ninachokisoma sasa kinaanzia huko. Ni *Siku Njema* cha marehemu Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, anaeleza maisha yake mwenyewe tangu utotoni Tanga, akiwa mwana wa mwimbaji wa taarabu, mpaka safari yake ndefu ya kumtafuta babake huku kwetu magharibi mwa Kenya, Kitale. Nilikisoma nikiwa shule ya upili. Walibora alipofariki Aprili 2020 nilikitafuta nikakikosa, na ni mwezi uliopita tu nilipokipata kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, kikiwa na jina la mwanafunzi mwingine kwenye ukurasa wa kwanza na ramani ya Afrika Mashariki aliyoichora nyuma ya jalada.

Kilichobadilika kwangu ni masafa. Nilipokuwa na umri wa miaka 16 nilikuwa sijawahi kuvuka Nakuru, kwa hiyo Tanga na Mombasa zilikuwa majina tu, na msimulizi aliposafiri mimi niliruka kurasa ili nijue kama atampata baba au hatampata. Sasa kazi yangu hunipeleka Kitale mara mbili kwa juma, na nimekuwa nikisoma ndani ya matatu, tukipita Soy, Matunda na Moi's Bridge, mahindi yakiwa pande zote mbili za barabara. Nikiinua macho kutoka kwenye ukurasa ninaiona nchi ambayo mvulana yule wa pwani alikuwa anaiendea bila kuijua, baridi yake, lafudhi zake, namna watu wanavyokitumia Kiswahili kwa njia tofauti kabisa na alivyokizoea yeye. Zamani nilidhani kitabu kinahusu baba. Siku hizi ninaona kinahusu pia lugha, na kijana ambaye hana urithi wowote ila ufasaha alioachiwa na mamake, na ambaye kila anakofika ufasaha huo humfungulia milango na pia humtia matatani.

Juma lililopita abiria niliyeketi naye, mwanamume wa makamo aliyekuwa na gunia la mbegu miguuni, alilitazama jalada, akalitaja jina la Kongowea kabla sijafungua kinywa. Tulianza kuzungumza tukiwa Soy. Hakuwa amekigusa kitabu hicho tangu amalize shule, lakini alikumbuka mama mwimbaji, akakumbuka mateso ya yule mtoto baada ya kufiwa, na tulipofika Moi's Bridge aliniomba nimsomee ukurasa mmoja. Nilimsomea miwili. Kondakta alipomwita ashuke, alishuka akiwa bado ananiuliza nilikinunua wapi.

Ninaafikiana na Mwalimu juu ya kusoma kwa sauti. Sikuwahi kumsikia mtu akikisoma kitabu hiki kwa sauti shuleni kwetu, na kumbe kimeandikwa na mtu ambaye masikio yake yalikuwa makali.

Mama wa Muscat:

Assalaam alaykum. Mimi sikuwahi kufanya mtihani wa fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa nilisoma skuli huku Omani, kwa Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili nilikipata nyumbani tu, kwa wazee wangu waliotoka Unguja. Natumai nitaruhusiwa kukaa katika baraza hii hata hivyo.

Kitabu changu ni *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ambayo kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994. Mfasiri ni Ida Hadjivayanis, na tafsiri ilichapishwa mwaka 2022 na Mkuki na Nyota, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kwa Kiingereza nilikuwa nimekisoma zamani na nikakipenda. Sasa ninamsomea mama yangu, ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma, kila siku baada ya sala ya alasiri, yeye akiwa juu ya mkeka na gilasi yake ya chai ya maziwa, mimi kwenye kiti karibu na dirisha.

Kisa ni cha mtoto anayeitwa Yusuf, anayechukuliwa na tajiri mmoja kutoka kwao, naye akidhani anakwenda ziara kwa jamaa, kumbe ametolewa rehani kwa deni la baba yake. Huko dukani anamkuta Khalil, kijana mkubwa kidogo aliyefika kwa njia hiyohiyo, ambaye hachoki kumkumbusha kwamba yule tajiri si jamaa yake. Nilipolisoma neno "rehani," mama aliniambia nisimame hapo. Akanieleza habari ya bangili za bibi yake zilizowekwa rehani kwa mwenye duka mmoja wa mjini Unguja, zikakaa huko miaka, na kila Idi bibi akivaa mikono mitupu huku akisema bangili zipo, zimelala tu. Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo katika maisha yangu yote. Kwa Kiingereza neno lile nilikuwa nimelipita kama ninavyopita kibao cha barabarani.

Siku ya pili yake mama aliniuliza kama mtoto huyu ni mzuri wa sura. Nikamjibu kwamba ndiyo, kila mtu anamwona mzuri. Akatikisa kichwa, akasema basi atapata taabu katika nyumba ya yule tajiri, kwa sababu Yusuf ni Yusuf. Alikuwa ameshaisikia sura ya Kurani ndani ya kitabu: kijana aliyetenganishwa na baba yake, akachukuliwa na msafara, akakaa katika nyumba ya mkubwa. Mimi nilikuwa nimehitaji kusoma makala za wataalamu ili niuone uhusiano huo, na yeye aliuona kwa jina tu na mlango wa kisa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mazungumzo. Watu wale wa pwani, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani wakiwa wameshaingia nchini, wafanyabiashara wakipanga misafara ya kwenda bara, wanatukanana, wanataniana, wanaapa na kubembelezana. Kwa Kiingereza nilikuwa ninawaelewa. Kwa Kiswahili ninawasikia, na mama anawajibu. Juzi alimkatiza mmoja wao katikati ya maneno na kumwambia, "Muongo mkubwa wewe!" nikalazimika kungoja amalize naye.

Kuna watu waliouliza kwa nini kifasiriwe kitabu ambacho wengi wetu tunaweza kukisoma kwa Kiingereza. Ningependa waje wakae nasi alasiri moja.

Muuguzi wa Nansio:

Nimetulia kidogo zamu ya usiku, nikasema na mimi niandike. Ninatoka na kufanya kazi Ukerewe, na katika kisiwa hiki mtu hawezi kusoma Kezilahabi kama anavyosoma mwandishi mwingine. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akafariki Januari 2020, na jina la kijiji chake limo ndani ya riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ya mwaka 1971. Sisi tuliambiwa na wakubwa wetu kwamba kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa hiyo tulikisoma kwa kujificha, tukitafuta zile kurasa zilizosababisha marufuku.

Nimekirudia nikiwa mama wa mabinti wawili, na kurasa zile tulizozitafuta sizo zilizonishika. Nilishikwa na baba, Zakaria, anayempiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana analelewa kwa hofu tupu, hafundishwi lolote juu ya wanaume isipokuwa kuwaogopa, kisha anapelekwa shule ya bweni ambako fimbo ya baba haifiki. Kazini kwangu ninawapokea wasichana kama Rosa, wengine wakiwa na umri wa miaka 15, na mara nyingi baba ndiye aliyewaleta, anakaa kwenye benchi la nje akiwa ameinamisha kichwa. Nilipokuwa kidato cha tatu nilimwona Zakaria kuwa mtu mbaya. Sasa ninamsoma nikiwa na hasira naye na bado ninamwonea uchungu, kwa kuwa Kezilahabi hakumwumba kuwa shetani, alimwumba kuwa baba asiyejua njia nyingine.

Lakini kitabu nilicho nacho usiku huu si hicho, ni *Nagona*, cha mwaka 1990, na ninataka kuuliza jambo kwa Mwalimu. Ni kitabu chembamba sana, na sikielewi. Msimulizi anatembea katika mahali pasipoeleweka, watu wanamsemesha kwa mafumbo, ndoto na kweli vinachanganyika, na nikimaliza sura ninarudi mwanzo nikiwa sijui nimesoma nini. Hata hivyo sitaki kukiacha. Kuna sentensi zinazonifuata wodini, nikipima joto la mgonjwa sentensi ipo, nikiandika kwenye faili ipo. Kwa miaka mingi nimeamini kwamba raha ya kitabu ni kukielewa. Je, mtu anaweza kusema kwa haki kwamba anakifurahia kitabu ambacho hakielewi?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro:

Marahaba, Eldoret.

Muuguzi, unaweza, tena kwa haki kabisa. Nilipokuwa mtoto nilisikia tenzi za kale zikisomwa, zenye maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ambayo hakuna aliyenifasiria, na nilizipenda miaka mingi kabla sijazielewa. Kezilahabi alikuwa amesoma falsafa kwa kina, na katika *Nagona* na *Mzingile* aliyoitoa mwaka 1991 aliiacha makusudi njia ya hadithi iliyonyooka ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameimudu vizuri sana. Usikisome kama unayetafuta jibu la swali la pili sehemu B. Kisome kama unayesikiliza ngano usiku, ambapo fisi anasema na hakuna anayeuliza amejifunza wapi kusema. Ukikimaliza, kirudie mara moja kabla ya kusoma kitu kingine. Zile sentensi zinazokufuata wodini, ziandike mahali. Hizo ndizo mlango wako, na huenda zisiwe mlango wa mtu mwingine.

Fundi wa Kibokoni, Mombasa:

Nitaandika machache kwa kuwa nina kanzu za harusi za kumaliza. Mimi ni fundi cherehani, na macho na mikono yangu vyote vina kazi mchana kutwa, kwa hiyo vitabu ninasomewa. Kijana anayejifunza ushoni kwangu husoma kila siku baada ya adhuhuri, saa moja, wakati wa joto ambapo wateja ni wachache. Sasa tuko katika *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kitabu cha kwanza cha visa vya mpelelezi Bwana Msa, kilichotoka mwaka 1960, na tumeshakubaliana kwamba tukikimaliza tutaingia *Kisima cha Giningi*.

Ninachokifurahia ni kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake, hatumii nguvu. Anakaa, anawaacha watu waseme, na katika maneno yao wenyewe anawakamata, naye Najum aliye pembeni yake anashangaa pamoja nasi. Wale watu wanatishwa na mzimu, yeye anatafuta mwanadamu aliye nyuma ya mzimu. Kiunguja chake ni kitamu mno kwa sikio la mtu wa Mombasa, na maneno mengine tunasimamisha cherehani ili tubishane juu yake. Jana mteja aliyekuja kupimwa koti alibaki dakika 40 baada ya kupimwa, kisha akauliza kesho tunaanza saa ngapi.

Msomaji wa Tanga:

Mwalimu, shikamoo, na ninawashukuru nyote. Nimeyasoma majibu haya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kila mmoja wenu amenipa kitabu cha kutafuta. Wasifu wa Siti nitauulizia maktaba ya mkoa Jumamosi hii. Nikiukosa, ndugu yangu aliye Dar es Salaam atanitafutia katika duka la vitabu la Mtaa wa Samora. *Siku Njema* ninaona haya kusema kwamba sijakisoma, nami ninaishi katika mji wa msimulizi. Msomaji wa Eldoret, ukiwa tayari kukituma kwa basi la Mombasa, nitakurudishia salama pamoja na cha kwangu, penseli na yote.

Ninakubali pia nilivyosahihishwa. Nimezirudia hoja zangu za zamani na nimeona kwamba hazikuwa za uongo. Yasmin kweli aliozwa bila kuridhia, na Denge kweli anapigania uhuru. Kilichokosekana ni sauti, na tangu nisome alichoandika Mwalimu na Mama wa Muscat nimeanza kumsomea mume wangu kurasa mbili kila usiku, kuanzia mwanzo tena. Usiku wa kwanza alikuwa anatazama simu yake. Usiku wa tatu aliniuliza kama Bwana Raza alijua kwamba hapendwi, au alijifanya hajui, na hatukuafikiana mpaka tukalala.

Penseli sijaifuta. Jana nimeongeza neno langu la kwanza la wino, chini kabisa ya ukurasa, ambapo polisi wanazidi kumkaribia Denge: "Nimesimama hapa, saa tano usiku. Ninaogopa kufungua ukurasa unaofuata."

Mama wa Muscat, mkiendelea na *Peponi*, tafadhali tuandikie mama atakavyosema juu ya Yusuf wakiingia bara na msafara.